Kioo Kilichopakwa Chokaa Nyumbani kwa Bwana Samaki

Vijana wangu wa karakana, siku ile ya kuniaga mliponinunulia soda na kunitaka nihutubie, nilisema "asanteni" nikakaa. Wengine mlidhani machozi yamenibana. Hapana. Miaka yangu yote nimezungumza na vioo, navyo havina tabia ya kukukatiza wala kukupigia makofi, basi mbele za watu mimi ni bubu. Kwa kalamu najaribu. Habari za vyeo na mishahara zitafuteni kwenye faili langu, kama panya hawajalimaliza. Mimi nataka kujibu swali moja ambalo mmeniuliza kwa mzaha miaka mingi: kwa nini Mzee Petro kioo kipya anakipaka chokaa chote, wakati mafundi wengine wanachora msalaba tu katikati ili watu wasikigonge? Na lile la pili, ambalo mnauliza nikiwa nimegeuka: nusu ya kidole changu ilikwenda wapi?

Niliingia Mbeya mwanzoni mwa miaka ya hamsini nikitokea Iringa, kijana wa miaka ishirini na miwili, Mhehe mwenye useremala kidogo wa misheni na maringo mengi. Nilipokelewa na Fundi Anyisile, Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, mwenye viganja vipana kuliko sahani. Ufundi wa vioo aliuokota Kopabelti, kwenye migodi ya shaba, alikokwenda kutafuta kazi, akaona ni heri kuweka madirisha juu ya ardhi kuliko kuchimba chini yake. Karakana yake ilikuwa banda la mabati lenye meza moja iliyotandikwa blanketi. Almasi ya kukatia kioo aliilaza kwenye kiberiti kitupu, mfuko wa kifuani, na Jumapili alikwenda nayo kanisani.

Siku ya kwanza sikukata chochote. Alinikabidhi kioo cha dirisha, akaniambia nikishike kwa kusimama wima mpaka atakaporudi. Akaenda kunywa chai. Aliporudi mabega yangu yalikuwa yanawaka moto.

"Kizito?" akauliza.

"Kizito, fundi."

"Sasa sikia. Mkono unaweza kukatika, lakini kioo hakiachiwi. Hata nyoka akipita mguuni. Ukiachia wewe wa mbele, unamuua mwenzako wa nyuma. Umesikia?"

Nilisikia. Kila wiki nilisikia tena, maana alikuwa mtu wa kurudia. Alinifundisha pia kwamba almasi inapita mara moja tu, ukirudia mstari umeharibu vyote viwili. Akanifundisha kusoma ufa. Kioo kilichopigwa, alisema, kinapasuka kama jua lenye miale, na katikati utaona mahali palipogongwa. Kioo kilichobanwa kinaanza kupasuka pembeni, halafu ufa unatembea taratibu kama mtu asiye na haraka. Nilimwamini kwa kila kitu. Hilo ndilo lililofanya yaliyofuata yanishtue hivyo.

Mwaka wangu wa tatu, mwezi wa sita, baridi ile ya Mbeya inayofanya mabomba yalie asubuhi, tuliitwa uzunguni. Mwenye nyumba alikuwa Mwingereza mpima barabara. Mji mzima ulimwita Bwana Samaki kwa sababu sebuleni kwake alikuwa na tangi la vioo lenye urefu wa kitanda, limejaa samaki wadogo wa rangi ya buluu na njano kutoka Ziwa Nyasa. Aliwaleta kwenye madebe ya maziwa, kwa lori, akiwapulizia maji hewa njia nzima kwa pampu ya baiskeli. Watu wa kwetu tulishindwa kuelewa. Samaki unamtoa ziwani, humli, unamlisha wewe, tena anakaa karibu na moto kuliko mtumishi wako. Lakini kila mtu na wazimu wake, na wazimu wa mtu huyu ulihitaji fundi vioo.

Tulikuta kioo cha mbele kina ufa kutoka chini hadi juu. Maji yamelowesha zulia lote, na mpishi, Mzee Yohana, Mnyakyusa mwenye masharubu ya mvi, alikuwa anahamisha samaki kwa chujio la chai kuwapeleka kwenye beseni la kuogea, huku akisema peke yake, "Wadogo, miiba mitupu. Hata kukaanga hawafai."

Bwana Samaki alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alikuwa na Kiswahili kile cha wazungu wa enzi hizo, kisicho na viungo.

"Yaya ya mtoto yangu," alisema, "yeye piga hii kwa fagio. Halafu yeye ficha. Sasa mimi ita, hapana kuja. Kama hapana kosa, kwa nini ficha?"

Fundi Anyisile alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye ufa kuanzia juu hadi chini, akakitazama kile kidole, akapitisha tena. Kisha akachokoa pembe ya chini ya fremu kwa bisibisi. Ile fremu ilikuwa ya chuma cha pembe, kutu imeivimbisha, na puti ya zamani, ule udongo wa kubania kioo, imekauka ikawa kama jiwe.

"Bwana," alisema, "kioo hiki hakuna mtu aliyekipiga. Ufa umezaliwa hapa pembeni. Kutu imevimba, puti imekuwa ngumu, kioo kimekosa pa kupumua. Baridi ya jana imemaliza. Huyo yaya, simjui, lakini fagio lake halina kesi."

Nilijivunia sana mwalimu wangu pale. Bwana Samaki alitazama ile kutu kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa vipimo, si mtu mbaya, lakini jambo moja lilimkwama kooni.

"Kwa nini yeye ficha?" akauliza tena. Mwishowe akatoa hukumu yake: tuweke kioo kipya. Kikisimama vizuri, yaya atabaki. Kikivunjika na hicho, ataondoka siku hiyo hiyo, na cheti chake kitaandikwa vibaya. Ninyi mliozaliwa baada ya uhuru hamjui cheti kilikuwa nini. Mtumishi aliyeandikwa vibaya na mzungu mmoja, mlango wa wazungu wote ulikuwa umefungwa, na wa Wahindi pia.

Kioo kinene cha namna ile Mbeya hakikuwepo. Nilitumwa Iringa, kwenye duka la Mhindi mmoja pale mjini. Fundi Anyisile aliniagiza hivi: "Ukitumwa kioo kimoja, leta viwili. Kimoja ni cha kazi, cha pili ni cha ujinga wetu." Nilicheka. Ujinga wa nani? Mimi sikuwahi kuachia, na yeye ndiye aliyenifundisha.

Kwetu Iringa nilipita dakika chache tu. Mama alinipokea kwa "kamwene, mwanangu", akaona namna nilivyosimama nikilinda kreti, akasema afadhali ningeoa, maana mke ningemlinda hivyo hivyo. Nikarudi Mbeya juu ya lori la magunia, siku mbili, vioo vimesimama wima ndani ya majani makavu, nami nimekumbatia kreti kila tulipoingia shimo. Tuliposhuka tambarare ya Usangu joto lilitupiga na vumbi la njia panda ya Rujewa likatupaka wote rangi moja. Nilifika na vioo vyote viwili vizima, na nilitaka kusifiwa. Fundi alisema, "Sawa."

Kesho yake tulikwenda uzunguni na kioo cha kwanza. Tulikibeba kwa ubavu, kimesimama, yeye mbele na mimi nyuma. Tukapitia mlango wa nyuma, kwenye ujia mwembamba unaopita jikoni. Fundi alikuwa ananong'ona maneno yake ya kawaida, "taratibu, kulia, taratibu," na ndipo mlango wa jikoni ukafunguliwa, akatoka mwanamke kijana na ndoo ya samaki mkononi. Walikutana uso kwa uso, hatua moja kati yao.

Mwanamke alipiga ukelele. Ndoo ikaanguka. Akajifunika kanga kichwa chote, akachuchumaa, kisha akakimbia nje amejiinamia hivyo hivyo, akijigonga kwenye miimo ya mlango.

Na Fundi Anyisile akaachia.

Naandika tena, kwa sababu mpaka leo naona kama nasingizia. Fundi Anyisile, yule wa mkono kukatika, aliachia kioo kwa mikono yote miwili, akageukia ukutani, akafunika macho yake kwa viganja.

Kioo kilinijia chote. Sikusikia maumivu, nilisikia kishindo, halafu nikaona samaki wa buluu wanaruka sakafuni katikati ya vipande, na maji ya ndoo yanageuka mekundu. Nikashangaa ni samaki gani mwenye damu nyingi hivyo. Kumbe ni mimi. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kinaning'inia.

Bwana Samaki alitokea mbio. Alitazama vioo, damu, samaki, ndoo, kanga iliyonasa kwenye kitasa. "Yaya!" alisema. Si kwa kuuliza. Nilimtazama fundi wangu nikingoja aseme. Alikuwa bado ameelekea ukutani. Bwana Samaki akasema jioni hiyo yaya aondoke, akaufunga mkono wangu kwa taulo yake mwenyewe ya kuogea, akamwamuru Mzee Yohana anipeleke zahanati.

Njiani nilikuwa natetemeka, nusu kwa kidole na nusu kwa hasira. Nilimuuliza Mzee Yohana kama Fundi Anyisile amerukwa na akili.

"Hapana," alisema. "Yule binti ni Tusekile. Mke wa mwanawe."

"Mkamwana wake? Sasa kwa nini wakimbiane kama wamekutana na chui?"

"Ninyi Wahehe hamjui. Kwetu mkamwana hamtazami baba wa mumewe. Hataji jina lake, hakai naye chumba kimoja. Akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Na mzee naye anageuka. Ndiyo heshima. Ile siku ya kwanza Tusekile alisikia sauti yake mlipopiga hodi, akajificha stoo ya mkaa. Bwana anaita, yeye ataitikaje, na baba mkwe yupo mle?"

Nilisimama katikati ya barabara. Basi kule kujificha kulikomtia hatiani kulikuwa ni adabu.

"Na mzee hakujua yupo Mbeya?"

"Atajuaje? Anajua yuko Tukuyu, analima. Mumewe kaenda migodini Afrika Kusini, mwaka wa pili huu hakuna barua. Watoto wawili. Zamani shida zake alimwambia mama mkwe, na mama mkwe anamwambia mzee. Mama mkwe kafa. Sasa nani atapeleka neno? Akaja kutafuta kazi."

Mpasuaji wa zahanati alinikata kile kipande na kunishona. Kusema kweli sikukisikitikia sana. Kilichoniuma ni kingine. Mtu mmoja alikuwa karibu kukosa chakula cha watoto wake kwa kuwa alikuwa na heshima, na mtu niliyemheshimu kuliko wote alikuwa amesimama ukutani akaacha iwe hivyo.

Nilimkuta karakana, ameketi juu ya kreti ya kioo cha pili. Sikumwamkia. Niliinua ule mkono wangu uliofungwa.

"Wewe ndiye uliyeachia," nilisema. "Anafukuzwa yeye."

Sikuwahi kumsemesha hivyo, na wala sikuwahi kuona mtu mzima akipokea maneno ya mdogo wake bila kukunja uso.

"Mikono haikuniuliza, Petro," alisema. "Miaka hamsini imefundishwa kugeuka mbele ya mkamwana. Kushika kioo imefundishwa ishirini tu." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Amekonda?"

Nikasema sikumwona vizuri, alijifunika. Nikamweleza yote ya Mzee Yohana: barua zisizokuja, watoto, mama mkwe. Aliposikia la watoto aliinuka, akachukua kofia. Tulikwenda kwa miguu mpaka uzunguni, yeye mbele. Alimkuta Bwana Samaki barazani, akavua kofia na kusema mbele yangu, mbele ya Mzee Yohana, "Bwana, kioo niliachia mimi. Si yaya. Yule ni mke wa mwanangu na kwetu ni mwiko kutazamana. Kosa ni langu. Kioo kingine ninacho."

Bwana Samaki alitutazama mmoja mmoja, kama anayepima bonde analotakiwa kulipitishia barabara. "Wewe mzee," akasema, "wewe vunja kioo, kata kidole ya mtu, kwa sababu hapana taka ona mke ya mtoto yako?"

"Ndiyo, bwana."

Akakaa kitako kwenye ngazi. Kisha akasema, "Jumamosi mimi angalia. Kama simama, yeye baki."

Sasa ikaja shida ya kazi yenyewe. Kioo cha tangi huingizwa kwa ndani. Mmoja anainama juu ya tangi na kukikandamiza kwenye puti, mwingine anakipokea kwa nje ili kisisukumwe kupita kiasi. Mikono minne, na mimi nilikuwa na mmoja. Bwana Samaki alikuwa kazini barabarani. Mzee Yohana alitazama bandeji yangu, akasema, "Mimi ni mtu wa sufuria," akarudi jikoni. Tulikaa tukitazama puti mbichi, tuliyoikanda wenyewe kwa unga wa chaki na mafuta ya kitani, na puti haingoji.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango wa jikoni. "Kaka Petro. Mwambie mkubwa, mimi nitashika."

Fundi alikuwa amesikia, lakini alingoja nimwambie. Nikamwambia. Alikuna kidevu. Kisha akaniagiza nilete ndoo ya chokaa, ile ya kuchorea msalaba. Akatumbukiza brashi, akakipaka kile kioo chote, pembe hadi pembe, mara mbili, mpaka kikawa cheupe kama ukuta wa kanisa. Mimi nilishika tochi, nikamulika. Hakikupitisha hata kivuli.

Alikiinua, akainama upande wa ndani ya tangi. Nikamwita Tusekile. Aliingia kinyumenyume, kanga imemfika machoni, akapiga magoti upande wa sebuleni, akaweka viganja kwenye weupe. Kati ya viganja vyake na vya mzee palikuwa na unene wa kioo tu. Mimi ndiye niliyepitisha maneno. "Sukuma kidogo." "Dada, anasema sukuma kidogo." "Basi." "Anasema basi." Puti ikatoka pembeni sawasawa, kioo kikakaa. Kazi ilikuwa imekwisha.

Hakuna aliyeondoa mikono.

Kisha Fundi Anyisile akasema, si kwangu. "Wewe kioo. Mimi sikuambiwa kitu. Ningejua, wajukuu zangu wasingelala njaa. Kuanzia mwezi huu gunia la mchele litatoka Usangu mpaka mlangoni. Sikia hivyo, kioo."

Nilipigwa na butwaa. Nilitazama upande wa pili. Tusekile alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye chokaa, na machozi yalikuwa yanachora mistari. Aliligeukia beseni la samaki lililokuwa pembeni yake.

"Ninyi samaki," alisema, sauti ikikatika, "mwambieni kioo, tangu mama afe mlango wangu ulifungwa. Sikuwa na mdomo. Mwambieni ndaga fijo."

Hiyo ni asante sana, kwa Kinyakyusa. Mzee alitoka kwa mlango wa mbele, akasahau brashi na kofia. Mwaka mzima baadaye hakurudia lile somo lake la kioo kutoachiwa.

Tulifuta chokaa, tukajaza maji kidogo kidogo kwa siku tatu. Jumamosi Bwana Samaki alilaza shavu sakafuni akitafuta tone, hakuliona, akacheka peke yake. Tusekile alibaki.

Tangu siku ile napaka kioo chote. Mnaocheka chekeni, chokaa si ghali. Na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kazi yangu moja ambayo haiko kwenye faili. Kila mwisho wa mwezi, kwa miaka minne, mpaka Bwana Samaki alipohamishwa, Fundi Anyisile alinituma uzunguni nikakague tangi, eti puti huenda imelegea. Kioo kile hakikuwahi kuvuja, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Nilikwenda, nikanywa chai jikoni na Tusekile, nikarudi karakana, nikasimama mbele yake.

"Hakivuji, baba."

Aliendelea kukata, almasi ikipita mara moja tu. Kisha, bila kuinua macho:

"Na watoto?"